Nilichelewa Kuiona Diski ya Ardhi

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu darasa la sita. Baba alirudi kutoka Kariakoo na deki ya DVD ya mtumba pamoja na mfuko wa diski alizopewa kama nyongeza. Nyingi zilikuwa ngumi za Kichina tulizokwisha kuziona kwenye kibanda umiza. Tatu zilikuwa katuni: kava lilikuwa na mtoto mwenye kipara, mshale wa bluu umechorwa kuanzia utosini mpaka katikati ya nyusi. Diski ya kwanza maji, ya pili ardhi, ya tatu moto. Hiyo ndiyo Avatar: The Last Airbender, sehemu 61 kwa jumla, na sisi tulizimaliza 41.

Diski ya ardhi ilikuwa imekwaruzika. Tuliipaka dawa ya meno, tukaifuta kwa kanga ya mama, tukailaza kwenye friji usiku kucha kwa ushauri wa jirani anayejua kila kitu. Wapi. Deki iliimeza, ikakoroma, ikaitema. Kwa hiyo tukaruka. Tulimwacha Aang, yule mtoto mwenye kipara, Ncha ya Kaskazini anajifunza maji, tukamkuta ndani ya meli ya adui ameota nywele, ana kovu mgongoni, na kuna binti kipofu anarusha mawe ambaye hatukujua katoka wapi. Mdogo wangu alishika kiuno akauliza, "Kaka, huyu nani?" Nikamjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua: "Mtoto wa mjomba wao."

Kwa asiyeijua, dunia ile ina mataifa manne: maji, ardhi, moto na hewa. Baadhi ya watu huzaliwa na uwezo wa kuiamrisha asili ya taifa lao, hiyo moja tu. Avatar peke yake ndiye anayeweza zote nne. Aang ana miaka 12, amelala kwenye barafu miaka 100, kazaliwa na hewa, na ana muda mpaka mwisho wa kiangazi kujifunza tatu zilizobaki kabla kimondo hakijapita na kuwapa watu wa moto nguvu ya kumaliza kila kitu. Miezi michache, masomo matatu. Sisi tuliokuwa na mitihani ya taifa tulimwelewa.

Katika Kiingereza chao wanasema "wanapinda" maji na moto. Sisi hatukuona kilichopindwa, tukaamua wanapiga: kupiga hewa, kupiga moto, kupiga maji. Jioni moja mama anachambua mchele uani, akamsikia mwanawe wa darasa la sita akinieleza kwa furaha, "Leo wakati wa mapumziko nimewafundisha wenzangu wote kupiga maji." Fagio halikuuliza maswali. Baba ndiye aliyekuja kueleza kwamba mtoto hajalewa, ni katuni, naye alieleza huku anacheka, jambo ambalo halikusaidia.

Mwaka huohuo nikaanza karate. Goju-ryu, mtindo wa Okinawa ambao Dar es Salaam umekuwepo tangu miaka ya 1970. Jina lenyewe limeunganisha maneno mawili, go ni ngumu na ju ni laini, na mwalimu alitueleza hivyo siku ya kwanza kabisa. Mimi nikaondoka na nusu ya kwanza. Nilikuwa na mapaja mazito na kichwa kigumu, na karate ilinipenda. Kuna kata, yaani mfululizo wa mikao na mapigo unaofanywa kwa mpangilio maalumu, inaitwa Sanchin, ambayo unasimama umeng'ang'ania sakafu kwa vidole vya miguu, unavuta pumzi kwa nguvu, na mwalimu anazunguka akikupiga makofi ya mabega na mapaja kuona kama utatikisika. Wenzangu waliichukia. Mimi nilisubiri zamu yangu kama mtu anayesubiri pilau.

Kwa miaka kumi na kitu nilikuwa ukuta. Walioniita hivyo walinisifia, na sifa ni kitu cha hatari kumpa kijana, maana ataijenga nyumba juu yake.

Kabla ya kuendelea na ukuta, niseme kuhusu moto, kwa sababu nao niliugusa mapema kuliko ilivyotakiwa. Kuna sehemu katika diski ya kwanza ambayo Aang anamkuta Jeong Jeong, jemadari aliyelikimbia jeshi la moto. Mzee anakataa kumfundisha: jifunze maji kwanza, kisha ardhi, moto uje mwishoni. Anapokubali kwa shingo upande, kazi ya kwanza yenye moto ni jani lenye cheche katikati, na mtoto anatakiwa kuuzuia ule moto usifike ukingoni kwa umakini wake tu. Aang anachoka na jani. Anaanza kurusha moto kama mtu wa sarakasi, na mikono ya Katara, rafiki yake aliyesimama karibu, inaungua. Anaapa hatagusa moto tena.

Mimi nilikuwa na miaka 19. Nilijifunza teke la kuzunguka kupitia video, siyo kwa mwalimu, na nilijua kulirusha lakini sikujua kulisimamisha. Kwenye mazoezi ya Jumamosi nikalirusha kwa kijana mdogo kwangu kwa miaka mitatu, mwenye mkanda wa kijani, aliyekuwa ananicheka cheka kwa urafiki. Kisigino kikamkuta mdomoni. Nakumbuka sauti kuliko damu, sauti ndogo kama mtu amevunja karanga. Jino moja la mbele. Baba alilipia matibabu, mimi nikaenda kwao kuomba radhi, mama yake akanikaribisha chai na hiyo chai ndiyo iliyoniumiza. Mwaka mmoja na nusu sikupigana na mtu. Nilifanya kata peke yangu pembeni, na watu wakadhani nimekuwa mnyenyekevu. Nilikuwa naogopa.

Sasa, woga ule una tatizo lake, na aliyenieleza ni mdogo wangu, miaka mingi baadaye. Yeye siku zote alichagua kuwa mtu wa moto, na leo ni fundi wa kuchomelea, ana karakana ndogo Gerezani, anatengeneza mageti na madirisha. Nilikwenda kumtembelea nikamwomba nijaribu. Akanivisha kinyago, akanipa mkono wa mashine, akanikalisha mbele ya vipande viwili vya bati jembamba. Nikashika kijiti mbali na chuma, moto ukakatika. Nikasogeza karibu mno, kijiti kikanasa. Nikakasirika, nikakaa mahali pamoja, bati likatoboka tundu la ukubwa wa shilingi mia. Mdogo wangu akasema, "Kaka, ukiuogopa unazimika, ukiukasirikia unatoboa. Unakumbuka wale na vile vimoto vyao mkononi?"

Nilikumbuka. Diski ya tatu: Zuko, mtoto wa mfalme wa moto aliyefukuzwa kwao, amehamia upande wa Aang awe mwalimu wake, na moto wake umekauka kwa sababu miaka yote alikuwa akiuchochea kwa hasira, na hasira imeisha. Wanakwenda kwenye magofu ya watu wa kale, kila mmoja anapewa kimoto kidogo akipandishe mlimani mpaka kwa mazimwi wawili. Kikiwa kikubwa mno wameshindwa, kikizima wameshindwa. Aang anakibeba kama kifaranga. Mpaka pale alikuwa anajua kuukataa moto tu, na kukataa siyo kujifunza.

Hayo ya moto. Turudi kwenye ardhi, ndiko nilikokaa sana.

Mwaka 2021 goti langu la kulia lilivimba. Nilikuwa na mkanda mweusi, miaka 28, na daktari akaniuliza kwa siku nasimama saa ngapi katika ile mikao ya chini niliyomwonesha. Nikamwambia. Akaandika kitu, hakuniambia kilikuwa nini, akasema miezi sita. Nyumbani, mguu juu ya mto, na intaneti ya bando la usiku, nikasema sasa niitafute ile diski ya ardhi. Sehemu 20, miaka kumi na mbili imepita tangu tuipake dawa ya meno.

Nilitegemea kujiona kwa Toph. Huyo ndiye binti kipofu, naye ana miaka 12, bingwa wa kupigana na mawe, anaona kwa nyayo kwa sababu anasikia mtetemo wa ardhi. Nilishajua kwamba walioitengeneza, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, walimtumia mwalimu wa kung fu aitwaye Sifu Kisu kuhakikisha kila asili ina mtindo wake halisi wa mapigano: maji ni tai chi, ya mwendo wa taratibu, ardhi ni Hung Gar yenye mikao mipana ya chini, moto ni Shaolin ya Kaskazini, hewa ni Bagua, ya kuzunguka zunguka. Toph hata ana mtindo wake peke yake, wa vunjajungu wa Kusini. Ukimtazama anavyosimama, unaona nyayo zinakwenda chini kwanza ndipo mkono utoke. Nikasema huyu ni mwenzangu.

Kisha ikaja siku anayomfundisha Aang. Kazi ni nyepesi kueleza: sogeza jabali. Aang, aliyejifunza maji haraka kiasi cha kumtia wivu Katara aliyekuwa akihangaika nayo kwa miaka, anashindwa hata kulitikisa. Anasukuma, anarushwa yeye nyuma. Anauliza labda kuna namna nyingine, pembe nyingine. Toph anamwambia hiyo ndiyo shida yake, anafikiri kama mtu wa hewa. Kwa jiwe hakuna pembe wala ujanja, unalikabili. Kisha anamporomoshea jabali kutoka mlimani akae nalo uso kwa uso, na mtoto anaruka pembeni. Mwili wake umemtii kama ulivyofundishwa maisha yake yote. Ndiyo kosa lenyewe.

Nikasimamisha video. Nilikuwa nimemtazama Toph kutafuta sura yangu, kumbe sura yangu ilikuwa ya yule aliyeruka, ila kinyumenyume. Yeye hajui kukaa, mimi sijui kuondoka. Nilirudi nyuma nikaitazama tena sehemu ile, goti likinipiga.

Goti lilipopoa, rafiki akanipeleka Coco Beach Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kwa dada mmoja anayefundisha tai chi. Alisomea udaktari China, na kule alikuwa akiamka alfajiri kufanya mazoezi bustanini na wazee wa mtaa. Ana miaka 24 au 25. Nikamsalimia, "Mambo, mdogo wangu." Akajibu vizuri, kisha akasema bila kukunja uso, "Tukitoka hapa mimi ni mdogo wako, nitakuamkia. Hapa kwenye mchanga niite mwalimu." Ilinichukua wiki tatu neno hilo kutoka bila kukwaruza koo.

Zoezi lililonivua nguo, kwa namna ya kusema, linaitwa mikono ya kusukumana. Mnasimama mkitazamana, mguu mmoja mbele, migongo ya mikono imegusana pale juu kidogo ya kifundo. Hakuna kupiga. Unamsukuma mwenzako taratibu, yeye anapokea na kugeuza, anakurudishia, nawe unapokea. Ukiwa mtazamaji utasema wanasaga nafaka isiyoonekana. Mwalimu ana kilo hamsini hivi. Mimi nina tisini. Nikamsukuma. Pale nilipotegemea kifua chake nikakuta hewa, na mwili wangu, uliokuwa umeegemea kitu ambacho hakipo, ukaenda mbele ukapiga magoti mchangani. Nikasimama. Tena. Nikajiimarisha kama kwenye Sanchin, vidole vimeng'ang'ania. Safari hii hakuondoka, aliweka kiganja tu begani pangu na kungoja, na kadiri nilivyokaza ndivyo alivyojua uzito wangu uko wapi. Akageuza kiuno kidogo. Mchanga.

"Kaka," akasema, "unasukuma kama unamdai mtu."

Nilicheka, lakini usiku nililala na hilo neno. Ungenipa zoezi la kuumiza ningelimaliza. Ungeniambia nisimame saa nzima ningesimama. Alichokitaka hakikuwa na mahali pa kuweka bidii. Kila nilipoongeza juhudi nilizidi kuwa yuleyule. Miezi minne nilikuwa mbaya kuliko mama mmoja wa miaka sitini na mbili anayekuja na thermos yake ya chai ya tangawizi, ambaye hajawahi kushika mkanda wa rangi yoyote maishani. Yeye alikuwa hana cha kusahau.

Kuna kipindi nilikuwa karibu kuacha. Nilimwambia mdogo wangu kwamba labda kila mtu ana asili yake moja na yaishe. Akaniuliza nimeshaona habari za Korra. Ni katuni iliyofuata, ilianza 2012, ya Avatar aliyekuja baada ya Aang. Yeye ni kinyume: tangu mtoto mdogo anapiga maji, ardhi na moto bila kufundishwa, kifua mbele, ila hewa imemkataa. Mwalimu wake anamweka kwenye mbao zinazozunguka, apite katikati kama jani bila kuzigusa. Zinambamiza, zinambamiza, mpaka siku moja anazichoma zote moto. Nilimpenda papo hapo. Na alipoupata ule mwendo hakuupata kwenye zile mbao. Aliupata uwanjani, katikati ya mchezo, timu yake inapigwa, na miguu ikaanza kuzunguka yenyewe.

Kwa Aang pia haikuwa kwenye somo. Ilikuwa jioni, rafiki yake Sokka amenasa kwenye shimo kifua juu, mnyama mkubwa mwenye pembe anakuja, na Aang hana pa kurukia kwa sababu akiruka Sokka amekwisha. Akasimama. Toph alikuwa pembeni akitazama bila kusaidia, anapasua karanga kwa fimbo ya Aang aliyoichukua bila ruhusa. Ndipo mtoto akamgeukia na kuidai fimbo yake, hakurudi nyuma hata hatua, na jabali likasogea.

Kwangu mimi ilikuwa daladala. Kituo cha Mawasiliano, saa moja jioni, gari la Mbagala limeingia na watu wanalikimbilia kabla halijasimama. Wanaopanda pale wanajua: mlangoni hakuna foleni, kuna mabega. Mimi siku zote nilipanda kama ukuta, naweka mguu, nakaza, atakayenigonga ajute. Jioni ile nilikuwa nimechoka na kazi, sikuwa na hamu ya kushindana, na jamaa mmoja akanijia kwa nyuma na bega lake lote. Nililisikia likinifika mgongoni. Halafu kiuno changu kikageuka. Sikukituma. Bega lake likapita kwenye kifua changu kama mlango unavyofunguka, likashuka kwenye paja, likaishia kwenye mguu wa kushoto, nao ukanibeba hatua moja mbele, ndani. Yeye naye aliingia, kwa mshangao wake, wala hakuanguka. Nikakaa dirishani. Konda anapiga bati, watu wanagombana kuhusu ndoo ya mtu, na mimi natabasamu peke yangu kama mwehu.

Ndipo nikamwelewa Iroh, mjomba wake Zuko, yule mzee mpenda chai. Anamfundisha kijana kuipokea radi: inaingia kwa vidole vya mkono mmoja, inapanda begani, inashushwa tumboni, inapanda tena na kutokea mkono wa pili, na isipite moyoni hata kidogo. Mzee ni wa moto, tena jemadari, lakini mbinu ile aliibuni kwa kuwatazama watu wa maji. Nilikuwa nimeiona kama hadithi nzuri ya busara. Ndani ya daladala niliiona ni maelezo ya njia, kama mtu anavyokuelekeza: pita hapa, shuka pale, usikate kulia.

Niseme na lisilonipendeza. Mwishoni Aang, ambaye mlango wa nguvu zake kuu ulikuwa umefungwa tangu apigwe radi mgongoni, anagongwa na ncha ya jabali palepale kwenye kovu, na mlango unafunguka. Baada ya jani, baada ya mbao za Korra, baada ya magofu na mazimwi, jiwe linamgonga na kazi imekwisha. Mashabiki wengi wamelibishania hili na mimi niko upande wa wanaolalamika. Goti langu halikupona hivyo.

Karate sijaiacha. Narudi dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, Jumanne na Alhamisi, na mwalimu wangu wa zamani, mzee sasa, alinitazama nikifanya kata moja ya mikono ya wazi niliyoifanya mara elfu, akanyamaza mpaka mwisho. "Hiyo ju," akasema, "ulikuwa umeiweka wapi?" Yule kijana wa jino bado yupo, ana mkanda mweusi, ana jino bandia analolitoa kuwatisha watoto. Tunapigana naye kila wiki. Teke la kuzunguka nalirusha, linasimama vidole viwili kabla ya shavu lake, na kila mara yeye hupepesa macho, na kila mara mimi pia.

Mama naye akinipigia Jumamosi asubuhi hukuta simu inasikika upepo na mawimbi, na huuliza bado napiga maji. Namwambia ndiyo mama, bado najifunza.

Jumamosi iliyopita nilimaliza mzunguko mzima wa tai chi, kuanzia kufungua mpaka kufunga, bila mwalimu kunigusa popote. Miaka mitatu. Yule mama wa thermos akanipigia makofi. Nikasimama nikisubiri neno. Mwalimu akakung'uta mchanga kwenye suruali yake, akanigeuza mabega nitazame upande wa barabara badala ya bahari.

"Huo ulikuwa wa kulia," akasema. "Sasa anza na mguu wa kushoto."